Nilichosema Nikiwa Nimepiga Magoti

Nanjala mwanangu,

Kesho saa kama hizi utakuwa chuoni Kibabii, umeshaonyeshwa chumba chako na umeshajua ni nani utakayelala naye humo. Mambo ya blanketi, ya chakula na ya kujihadhari na watu tumeyasema mpaka umeanza kuitikia kabla sijamaliza sentensi. Hayo yanatosha. Ninayokuandikia hapa ni yale niliyoshindwa kukwambia tangu ulipopata akili ya kuuliza. Nimeyaandika kwa sababu nikikusimulia uso kwa uso nitaanza kujitetea, na wewe utanihurumia, na mimi sitaki kuhurumiwa. Soma asubuhi kabla hujatoka. Nitakuwa nimetangulia steji ya magari na sanduku lako.

Juzi ulipokuwa ukikunja nguo uliniuliza kwa nini niliacha kuandika hadithi. Nikakwambia macho yalianza kuuma kwa ajili ya kompyuta. Ukaniangalia, ukaiangalia sindano niliyokuwa nikiitia uzi bila miwani, ukanyamaza. Asante kwa kunyamaza, lakini niliona kwamba hukuniamini.

Tena ulidhani sijui habari zako. Mwezi uliopita msichana mmoja wa sekondari alikuja dukani, akanipa simu yake, akasema, "Anti, nitolee hii stori kwa karatasi, tunataka kusoma na marafiki zangu." Nikaifungua. Ilikuwa hadithi ya msichana anayemsikia nyanya yake aliyekufa akipika jikoni. Mashine ilikuwa ikitoa kurasa na mimi nilikuwa nikizisoma kabla hazijapoa. Yule msichana akaniuliza, "Anti, kwani umeogopa?" Nikamwambia karatasi zimekwama. Juu ya ukurasa wa kwanza palikuwa na jina lako.

Niliogopa kweli, mwanangu. Sikuogopa pale jini linapotokea na meno yake yote. Hapo nilipumua, maana nilikuwa nimeshaliona. Niliogopa pale mama wa msichana wa hadithi anapoandaa chakula, anapanga sahani, na bila kufikiri anaweka moja zaidi, na hakuna mtu mezani anayemwambia aiondoe. Hilo hakuna aliyekufundisha. Nilikujivunia, nikatamani kumwambia yule msichana kwamba aliyeandika ni wangu. Sikumwambia. Nilichukua hela yangu ya kuchapa, nikamfungia karatasi, nikaketi. Nilikuwa nimeshikwa na hofu nyingine ambayo haikutoka katika hadithi yako.

Acha nianzie Saboti, nilikosomea, kwa sababu hata haya hujawahi kuyasikia vizuri.

Nilipokuwa darasa la sita mwalimu wetu wa hesabu alikuwa mtu wa kutoka nje kila mara, na mimi ndiye niliyekuwa kiranja. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya wapiga kelele. Nilichukia kuandika majina. Nikagundua kwamba nikiwasimulia jambo la kuogofya watanyamaza wenyewe. Nikabuni mtu anayeishi darini mwa darasa letu hilohilo, ambaye hushuka mtoto wa mwisho anapotoka na kukaa kwenye dawati lake ili ajue joto la mtu likoje. Darasa zima lilikuwa kimya, wengine wametazama juu, mwalimu alipoingia. Akaniuliza ninafanya nini. Nikamweleza. Akanichapa viboko mbele ya wote. Wakati wa mapumziko akaniita chini ya bendera, akaangalia huku na huku, akasema, "Na huyo mtu wa darini, siku mtoto wa mwisho akikataa kutoka, inakuwaje?"

Nilijua siku hiyo kazi nitakayofanya. Sikujua kwamba viboko na lile swali vitakuja pamoja maisha yangu yote.

Nilipomaliza shule nilikuja Kitale, nikapata kazi katika duka la kuchapa, si hili la sasa, jingine lililokuwa karibu na soko. Wateja wakipungua nilikuwa naandika. Nikawa naweka hadithi zangu kwenye mtandao kipande kwa kipande, na watu wakaanza kuzingoja. Baadaye redio moja ya huku kwetu ikaomba izisome hewani kila wiki. Mtangazaji alikuwa na sauti nzuri lakini hakuwa na subira. Niliandika mlango unaofunguka polepole katika kurasa mbili, yeye akasema, "Mlango ukafunguka," akaweka mlio wa radi. Nilipolalamika akaniambia, "Dada, watu wanataka kushtuka, bana, hawataki kungoja." Nilimchukia kwa hilo, na mpaka leo naamini alikosea. Kushtuka hupita. Anayengoja mlango ndiye anayeendelea kuufikiria akiwa kwake, akiangalia mlango wake mwenyewe.

Baba yako alinijua kupitia hadithi hizo. Hili nalo sikukuambia. Ulidhani tulikutana kanisani. Alikuwa msomaji wangu. Alikuja Kitale kwa shughuli za kazi yake ya ukarani, akauliza mpaka akalipata duka, akasimama mlangoni akicheka. "Ati huyu msichana mdogo hivi ndiye ananifanya niogope kwenda choo?" Alizijua hadithi zangu kwa majina ya watu waliomo. Aliniambia nina kipawa. Nakuandikia haya ili ujue kwamba mtu aliyekuja kuvichoma vitabu vyangu ni mtu aliyewahi kuvipenda kweli. Katika kazi hii utakutana nao wengi. Wanakuomba uwatishe, unawatisha, kisha wanakutazama na kujiuliza wewe ni mtu wa namna gani.

Tulioana, nikahamia kwao Kamukuywa. Ulizaliwa hapo. Jirani yangu wa karibu alikuwa Mama Brayo, mama wa watoto watatu, na Brayo ndiye mdogo wao. Nilimpenda huyo mama kuliko ndugu zangu. Tulikuwa tukipukuchua mahindi pamoja, mimi nikimsomea nilichoandika kabla sijakipeleka redioni. Hakuwa mtu wa kusifu. Aliniambia tu, "Hapo nimepotea," au, "Hapo huyo mwanamke anaongea kama mwalimu," na kila mara alikuwa amepata. Sijawahi kuwa na mhariri mzuri kama yeye.

Nyuma ya boma letu palikuwa na shamba la Mzee Khisa, mzee wa kanisa. Alikuwa akichimba udongo wa matofali hapo kwa miaka. Nusu ya nyumba za pale zilijengwa kwa matofali yake, na kanisa letu lenyewe alilitolea matofali yote ya ukuta, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumwambia neno. Alipomaliza udongo mzuri wa upande mmoja alihamia upande wa pili, akaliacha shimo wazi. Mvua ikinyesha lilijaa maji ya rangi ya chai.

Siku moja ndama alitumbukia. Mimi na Mama Brayo tulifika tukakuta wanaume wakihangaika na kamba. Kingo zilikuwa zinateleza, kila ndama alipopanda alirudi chini, na alikuwa akilia kama mtoto anayeita. Walimtoa. Mzee Khisa alikuwa amesimama hapo na fimbo yake. Nikamwambia, "Mzee, leo ni ndama. Shimo hili lizungushiwe hata miiba, ama lifukiwe. Watoto wanapita hapa."

Akacheka. "Mama Nanjala, wewe si ndio wa mambo ya kutisha? Nenda andika hiyo kwa redio."

Wanaume wakacheka pamoja naye. Mama Brayo hakucheka.

Basi nikaenda nikaandika. Ilikuwa hadithi ya mtoto aliyezama katika shimo la matofali na ambaye, kila mvua inapojaza shimo, huwaita watoto wengine kwa sauti za mama zao. Niliweka kila kitu: kingo zinazoteleza, maji ya rangi ya chai, mwenye shamba mwenye fimbo anayesema atalifukia baada ya mavuno. Mawazo yangu yalikuwa ya kitoto. Nilidhani watu wataisikia, watalitambua shimo, wataona aibu, watalifukia. Walilitambua. Watoto wa shule walipolipita walikuwa wakikimbia huku wakipiga kelele na kucheka, na watu wazima walinisimamisha barabarani kuniambia, "Wewe mama, hiyo ya shimo ni kali!" Hakuna aliyechukua jembe.

Mvua za mwaka uliofuata, Brayo alizama humo. Alikuwa ametoka shule. Alikuwa na mazoea ya kukamata viluwiluwi na kuwatia katika chupa, na chupa ilikutwa ukingoni. Nilikuwa uani nikichambua maharagwe, wewe ukijifunza kusimama kwa kushika kiti changu, niliposikia nduru. Sitaandika nilichokiona nilipofika. Nimeandika maiti nyingi za kubuni katika maisha yangu, na baada ya siku ile sikuweza kuandika nyingine kwa wepesi, wala wewe usiandike kwa wepesi.

Matanga yalianza, na kwenye mabenchi mtu akasema, "Hii si ni kama ile ya redio?" Sijui alikuwa nani. Nilichoona ni kwamba wanawake waliokuwa wameketi nami walianza kusogea, mmoja akienda kusaidia jikoni, mwingine akimtafuta mtoto wake, mpaka benchi likabaki langu peke yangu. Siku ya mazishi Mzee Khisa ndiye aliyeongoza. Alisimama kando ya jeneza dogo, akalia kwa machozi ya kweli, akasema, "Kuna watu hapa kwetu wanaita kifo kwa kalamu. Wanaita, na kinakuja." Naibu wa chifu alikuwepo. Shimo halikutajwa. Lilikuwa umbali wa kutupa jiwe kutoka kaburini na maji yake yalikuwa yanaonekana.

Baada ya mazishi Mama Brayo alikuja kwangu mchana, peke yake, leso imemfunguka. Hakuketi. Akaniuliza, "Nafula, yule mtoto wa hadithi yako, humwita mama yake?"

Nikamwambia, "Mama Brayo, ile ni hadithi. Nilitunga tu."

"Najua ulitunga. Nauliza, humwita?"

Nilikuwa nimeandika kurasa nzima za sauti kutoka majini na sikuwahi kufikiria kwamba kuna mama angetamani iwe kweli. Alingoja jibu, kisha akaondoka. Ningemshika mkono tu ingekuwa kitu. Sikumshika, kwa sababu nilikuwa najifikiria mimi.

Maana hali yangu ilikuwa imeharibika. Nikifika bombani, wengine wanaondoka na ndoo tupu. Vijana walipita nje ya boma wakisema petroli si kitu cha kutafuta mbali. Nyanya yako, mama wa baba yako, alikuchukua mikononi mwangu, akasema utakaa kwake mpaka nyumba itakaposafishwa. Redio iliacha kunipigia. Na baba yako, ambaye alitarajiwa kuwa shemasi mwaka ule, alinikalisha akasema, "Nafula, piga magoti mara moja tu, maneno yaishe."

"Nitubu nini?"

"Chochote. Sema tu kitu. Watu wanataka kusikia."

"Wewe unajua nani ana shimo."

"Najua," akasema. "Na unataka nimwambie Mzee Khisa nini? Kanisa tunaloabudu ni matofali yake."

Alijua, Nanjala. Sikudanganyi juu ya baba yako kumfanya mbaya kuliko alivyo. Alijua, na aliogopa, kama mimi nilivyoogopa.

Jumapili nikaenda mbele. Kanisa lilikuwa limejaa mpaka madirishani. Nilipiga magoti kwenye sakafu ya saruji, pande zote ni kuta za udongo wa shimo lile, na mchungaji akaniuliza kwa kipaza sauti, "Dada, hadithi hizo zilitoka kwa nani?"

Nikasema, "Kwa shetani."

Aliyesema amina wa kwanza, na kwa sauti kuliko wote, alikuwa Mzee Khisa.

Walinishika kichwa, wakaomba, wakaimba. Baba yako alileta vitabu vyangu kwa wilbaro, vile vijitabu nilivyokuwa nimechapisha mwenyewe na kuuza sokoni Kitale, pamoja na karatasi zote, vikachomwa nje chini ya mti wa kengele. Watoto walishangilia. Mtu mmoja alinikumbatia akaniambia sasa niko huru. Nilienda nyumbani nikala ugali, nikaona umeshuka vizuri, nikadhani mambo yameisha.

Yalikuwa ndiyo yanaanza. Kabla ya hapo nilikuwa mtu anayeshukiwa. Sasa nilikuwa mtu aliyekiri. Nyanya yako alisimama mlangoni mwangu akasema, "Umesema mwenyewe na mdomo yako, mbele ya Mungu. Mimi siwezi lala boma moja na mtu ya shetani." Maneno yalikuwa yangu kweli. Baba yako alinibebea begi mpaka barabarani. Nilikuwa nimekunyakua kwa nyanya yako wakati alipokwenda mtoni, ukawa mgongoni mwangu, na baba yako hakujaribu kukuchukua. Nadhani alipungukiwa ujasiri hata wa hilo. Tukaja Kitale, nikapanga chumba, nikarudi kwenye kuchapa.

Unajua nilichokuwa nikichapa miaka yote hii. Barua za kuomba kazi, na ratiba za mazishi. Hasa ratiba za mazishi. Nimeandika "alilala kwa amani" juu ya watu ambao naambiwa na ndugu zao, wakiwa wameegemea kaunta yangu, kwamba hawakulala kwa amani hata kidogo. Nimekuwa nikichapa tu. Ukiwa mdogo uliniomba hadithi na nilikuwa nakwambia za sungura. Sungura hakumuumiza mtu.

Ningeendelea hivyo mpaka mwisho kama nisingekutana na Mama Brayo. Ilikuwa hapa Kitale, sokoni, mwaka ule ulipokuwa unajiandaa kwa mtihani wa darasa la nane. Alikuwa akichagua omena penye samaki wakavu, akiweka kando zilizovunjika. Amezeeka. Nilitaka kupita, lakini aliinua uso.

"Nafula."

"Mama Brayo. Habari za huko?"

"Za huko." Akaendelea kuchagua. "Wewe ulijua hiyo shimo. Ulimwambia Mzee, mimi nikiwa hapo. Siku ya ndama."

"Nilimwambia."

"Siku ile kanisani nilikuja juu yako. Sikuwa nimetoka nyumbani tangu tumzike. Nikakaa nyuma, nikasema, leo Nafula atasema shimo. Atasema hapo mbele, kwa hiyo spika, na watasikia." Akanitazama. "Ukasema shetani."

Nikamwambia niliogopa. Nikamwambia habari za petroli, na wewe ulivyokuwa mdogo. Alisikiliza yote.

"Na wewe mbona hukusema?" nikamuuliza. Aibu ilikuwa imenifanya mkali.

"Mimi?" akasema. "Mimi nilikuwa na kilio. Nani husikiza kilio? Wewe ndiye ulikuwa na maneno."

Akalipa omena zake, akazifunga katika gazeti, akaenda. Hakuniaga. Nilisimama hapo mpaka muuzaji akaniuliza kama ninanunua.

Mwanangu, nimekuwa nikilaumu watu wengi kwa maisha yangu, na wengi wao wanastahili. Lakini jambo ninaloamka nalo ni lile neno moja. Kwa neno lile nilimpa Mzee Khisa mahali pa kujificha. Mtu aliyeacha shimo wazi alitembea nyumbani akiwa msafi, kwa sababu mimi, mtu wa kazi ya kutunga, nilimtungia shetani wa kubeba mzigo wake. Ilikuwa hadithi yangu mbaya kuliko zote na ndiyo pekee iliyoaminiwa na kila mtu.

Nilijaribu kuirekebisha. Nilikaa nikaandika upya, safari hii bila sauti majini, bila mzuka. Ndama, fimbo, kicheko, chupa ya viluwiluwi, mazishi, amina. Nikaipeleka kwa mhariri mmoja niliyekuwa nikimfahamu zamani. Akanijibu kwa upole kwamba lugha ni nzuri lakini haitishi. Akauliza kama ninaweza kuongeza jini. Nilicheka peke yangu dukani mpaka mteja akaondoka. Nimeituma kwa wengine pia. Wengine hawakujibu. Mmoja alitaka mwishoni Mzee atubu ili wanafunzi wapate mafunzo. Bado ninayo, na bado ninaituma, na sina hakika kwamba itapata mtu wa kuichapisha.

Kwa hiyo siwezi kukwambia kwamba kazi hii itakulipa wema. Mimi haijanilipa. Utaandika juu ya vitu ambavyo watu wanaviogopa na watakuja kukuogopa wewe, kwa sababu wewe uko karibu na unafikika. Watu wa dini watakuombea. Wasomi watakwambia si fasihi. Wale wanaokupenda watakusoma kwa kicheko mpaka siku jambo litakapotokea karibu nao. Na jambo hutokea, maana ukiandika vizuri utakuwa umeandika juu ya kitu kilichopo.

Ningekuwa na nguvu ya kukukataza ningekukataza. Nilifikiria. Nilikaa na nakala niliyojichapia ya hadithi yako ya sahani mapajani, nikatafuta maneno ya kukwambia uache, nikajikuta nimeanza kusahihisha nukta. Punguza yale meno ya jini. Mwache nyanya jikoni asionekane. Na yule mama usimweleze kwa nini anaweka sahani ya ziada, usimweleze hata kidogo.

Sasa la mwisho, na ndilo lililonifanya niketi kuandika leo. Mchana baba yako alipiga simu. Amesikia habari za hadithi zako, kuna mtu alimwonyesha. Anajua gari lako litapita Kamukuywa.

"Mwambie huyo mtoto ashuke kidogo," akasema. "Mchungaji na wazee watakuwa kanisani. Wamwombee kabla hajaenda chuo."

"Wamwombee nini?"

"Si unajua."

"Sijui. Sema."

Nilisikia ng'ombe nyuma yake. "Hiyo kitu yako," akasema. "Isimshike na yeye."

"Mzee Khisa atakuwepo?"

"Ni mzee wa kanisa, Nafula. Atakosaje?"

Nikamwambia nitakufikishia ujumbe. Nimekufikishia. Sikuambii usishuke. Ni baba yako, na hamjaonana tangu Krismasi ya mwaka juzi, na najua unamkumbuka kuliko unavyoniambia. Naamini kabisa kwamba anafikiri anakuokoa.

Ukishuka, msalimie kwa heshima, na nyanya yako pia, amedhoofika. Wakikuombea safari njema, inamisha kichwa useme amina, hilo halina ubaya. Wakikuambia upige magoti, wewe simama. Na mtu yeyote akikuuliza hadithi hizo unazitoa kwa nani, mtazame huyo anayeuliza, umwambie unazitoa kwa watu. Kisha waage, urudi barabarani, upande gari uende zako shule.

Mama yako,
Nafula